Theluthi ya Mjane

20 Januari

Muhula umeanza leo, na mimi nimenunua daftari hili kwa sababu mawazo yangu yamekosa pa kukaa. Naandika Kiswahili. Marehemu mama alinifundisha kukiandika nikiwa na miaka saba, tukimwandikia bibi barua Bukoba, na tena hapa Stockholm ni nadra mtu kwenye treni akachungulia Kiswahili akakielewa.

Baba alizikwa tarehe kumi na tisa Desemba. Kuhusu hilo sina la kuongeza leo.

Chuoni kila mmoja ameambiwa achague kitenzi kimoja cha Kiskoti cha kale, lugha iliyoandikwa huko Uskoti miaka mia tano iliyopita, afuate maana zake zote mpaka Juni. Wenzangu wamegombania vitenzi vya vita na mapenzi. Mimi nimechukua ken, maana yake kujua. Nilijiambia neno dogo, kazi ndogo. Nora, mhadhiri anayenisimamia, alitabasamu nikajua nimejiponza.

23 Januari

Baridi digrii kumi na mbili chini ya sifuri. Lile neno dogo limejaza kurasa na kurasa za kamusi. Kujua mtu, kujua njia, kuona kitu kwa mbali, kumfundisha mtu, kumwonyesha mtu pa kupita, kukiri. Nimefunga kamusi nikaenda kununua kahawa.

29 Januari

Nimekwenda Alby, nyumbani kwa baba, kuchukua vitabu vyangu. Faridah alikuwa ametoka kazini. Anafanya usafi uwanja wa ndege wa Arlanda, zamu ya alfajiri. Ameishi na baba miaka tisa. Baba alikuwa Mprotestanti aliyekimbia Uganda akiwa kijana, yeye ni Mwislamu wa Mpigi, na hakuna aliyekubali kubadili dini, kwa hiyo hawakufunga ndoa kanisani wala msikitini. Walikwenda kwao Mpigi wakafanya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mwanamume kwa wazazi wa mwanamke, wakarudi wakahesabu wameoana. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikataa kusafiri nao.

Aliniuliza kwa Kiswahili kama nimekula, nikamjibu kwa Kiswidi kwamba nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Kandambili za baba bado ziko karibu na mlango, zimeelekea nje. Nilichukua vitabu nikaondoka, nikakaa kituoni robo saa nzima bila sababu.

4 Februari

Hanna, mwenye chumba ninachoishi huku Jakobsberg, ameandika kwamba anarudi kutoka Göteborg na mtoto mchanga. Nitoke kufikia tarehe thelathini na moja Mei. Nimekaa hapa miaka miwili kwa kupangishwa na mpangaji, na Hanna hakutaka nijisajili kwake, kwa hiyo kwenye rejista ya wakazi mimi bado naishi Alby kwa baba. Kwenye foleni ya nyumba nimesimama tangu nina miaka kumi na minane. Wanaopata huko mbele wamesubiri miaka kumi na tano na zaidi.

5 Februari

Sikufanya kazi. Nimezunguka chumbani.

11 Februari

Barua kutoka kampuni ya nyumba ya Alby, imeandikwa kwangu kama mrithi pekee. Wanataka kujua kama kuna ndugu au mwenzi aliyeishi na marehemu kwa kudumu, ambaye mkataba uhamie kwake. Kuna mstari mmoja wa jina. Mwisho tarehe kumi na tano Machi. Asipokuwepo mtu, nyumba irudishwe mwisho wa Mei.

Mstari mmoja. Nimeusoma kama mara ishirini, nikauficha ndani ya kamusi.

12 Februari

Nimempigia Mjomba Evodius, kaka yake mama, anayeishi Märsta na kuendesha mitambo ya mizigo kwenye ghala. Nilimwamkia, hata shikamoo haijatulia akawa ameshaanza. Hiyo ni nyumba ya dada yake. Mama ndiye aliyesimama kwenye foleni mpaka ikapatikana, mama ndiye aliyechagua mapazia. Faridah amesajiliwa Märsta, kwa rafiki yake Mama Zara, mtaa wa pili kutoka kwa Mjomba mwenyewe, na karatasi ndiyo inayosema. "Mpwa wangu," alisema, "Mswidi hamjui mtu, anajua karatasi. Karatasi zako zinasema uko Alby. Usiwe mjinga."

Kweli zinasema. Mimi nilihama Alby miaka miwili iliyopita lakini karatasi hazikuhama. Faridah anaishi Alby miaka tisa na karatasi zake hazijawahi kufika. Hii nchi imetugeuza kichwa chini miguu juu, na sasa inaniomba jina moja.

20 Februari

Theluji imegeuka tope, na kokoto zilizomwagwa kuzuia utelezi zinaingia kwenye buti. Nora aliniuliza kwenye kikao kama Waskoti walitofautisha kumjua mtu na kukiri kwamba unamjua. Nilijibu kwa ujasiri kitu ambacho sikukielewa mwenyewe, na akakiandika.

1 Machi

Ramadhani imeanza. Faridah amenitumia ujumbe wa kunialika futari siku yoyote. Sijajibu.

5 Machi

Leo nimekutana na maana ambayo sikuitafuta. Katika sheria ya Uskoti ya zamani, mume akifa, mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mume maisha yake yote. Hakimu alikuja na watu wa baraza, wakathibitisha, halafu akamgawia sehemu yake. Walipiga kura waanze kugawa upande wa jua au upande wa kivuli. Eka mbili za kwanza kwa mrithi, ya tatu kwa mjane, mpaka shamba liishe. Na kitendo hicho cha kumkabidhi kilitumia kitenzi hichohicho. Walim-ken mjane kwa theluthi yake.

Nilisoma zaidi, na afadhali ningeacha. Mwanzoni mwa karne ya kumi na sita bunge lao liliamua hivi: kama ndoa haikupingwa mume alipokuwa hai, na mwanamke alihesabika mbele za watu kuwa mke wake, basi apewe theluthi yake kwanza. Anayepinga alete ushahidi baadaye.

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Miaka mia tano, wachunga kondoo wa watu, wananiingilia mambo ya Alby.

10 Machi

Nimejaza fomu. Jina langu, namba yangu, sahihi yangu. Robinah, binti wa marehemu, aliyeishi na marehemu kwa kudumu. Nimeitia kwenye sanduku la posta la njano pale kituoni Jakobsberg, na mkono wangu ulibaki ndani ya ule mdomo wa sanduku kwa muda. Mjomba kasema vema. Faridah atakwenda kwa Mama Zara, kuna chumba, na ni karibu na kazini kwake. Mtu anaweza hata kusema namsaidia. Nimejaribu kulisema kwa sauti hapa chumbani na halikukaa vizuri mdomoni.

16 Machi

Nimekwenda futari. Nadhani nilitaka kumwona akinitendea vibaya kidogo, nipate nafuu. Badala yake alikuwa amepika uji wa pilipili manga na katogo, zile ndizi za mchanganyiko za Waganda, na maharage kama anayopenda baba. Kama aliyopenda. Tulisubiri jua lizame nyuma ya majengo, akala tende, akasali, tukakaa mezani. Kiti cha baba alikuwa amekiegemeza ukutani.

Nilikuwa nimekuja na swali, nikalitoa vibaya, kwa ukali, kwa Kiswidi. Kwa nini hukujisajili hapa? Miaka tisa, fomu ni ukurasa mmoja, ni uzembe gani huu?

Aliweka kijiko chini. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe hukumbuki?"

Nikasema nikumbuke nini. Akanisimulia polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Waliporudi kutoka Mpigi, baba alibandika jina lake mlangoni, chini ya jina letu, kwa zile herufi nyeupe za plastiki. Nilitoka shule nikazikuta. Nilizibandua moja moja kwa kisu cha siagi, nikaziweka kwenye sahani, nikaiweka sahani mezani mbele yake, pahali pake pa kulia. Nikasema huu ni mlango wa mama yangu. Halafu siku nne sikula pamoja nao.

Alipokuwa anasema nilianza kuziona zile herufi. Niliziona kwenye sahani ya bluu. Nilikumbuka kwamba herufi ya kwanza ilikatika. Miaka yote hii nilikuwa nimekihifadhi kisa hicho kichwani kama ugomvi wa siku moja, na bila yeye ndani yake.

"Eriya alisema tungoje mpaka uzoee," alisema Faridah, akimtaja baba kwa jina lake. "Jina mlangoni, jina kwa serikali, vyote tungoje. Mimi nami nikasema sawa, mtoto amefiwa na mama, mtoto ni mtoto. Barua zangu ziende tu kwa Mama Zara. Halafu tukasahau kwamba tulikuwa tunangoja."

Akaniongezea maharage. Nilikula, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Sikumwambia kuhusu fomu. Nilisema asante kwa Kiswahili, akashtuka kuliko nilipomfokea.

17 Machi

Mwoga. Hakuna la kuandika zaidi.

19 Machi

Kampuni imejibu. Kila kitu kinaonekana sawa upande wangu, mkataba utatayarishwa. Nilidhani nitafurahi angalau nusu saa. Nimefua nguo zote, hata zilizo safi.

21 Machi

Nora kasema sura ya tatu ya tasnifu yangu haina roho, nimeandika juu ya wajane kama mtu anayekimbizwa. Mama huyu angekuwa mganga.

24 Machi

Asubuhi nimepiga simu kampuni ya nyumba nikasema maelezo yangu si ya kweli, sikuishi na baba, aliyeishi naye ni Faridah, naomba jina libadilishwe. Yule wa simu akaniuliza kama najua maana ya kutia sahihi. Nikasema najua.

Halafu nimekwenda Alby kabla ya futari kumwambia mwenyewe. Nilisema yote nimesimama, koti mwilini. Fomu, tarehe, sanduku la posta. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kama nilikuwa nimeshaituma siku ile nilipokuja kula. Nikasema ndiyo.

"Ulikuwa umekwisha kunitoa ndani ya nyumba," alisema, "na bado ukala futari yangu."

Aliingia chumbani kwao akafunga mlango. Nilibaki sebuleni nikitazama jua linavyoshuka, muda wa kufuturu ukafika, hakutoka, na mimi nikatambua kwamba anafunga zaidi kwa sababu niko pale. Nikaondoka haraka.

28 Machi

Barua. Mrithi ametaja watu wawili kwa nyumba moja ndani ya wiki mbili. Wa kwanza amekiri hakuishi pale, wa pili amesajiliwa Märsta. Kampuni haimkubali yeyote. Kama tunapinga, tufike mbele ya baraza la kesi za wapangaji. Kesi tarehe nane Mei.

Kwa hiyo nimefanikiwa. Kabla yangu Faridah alikuwa na shida ya karatasi tu. Sasa ana shida ya karatasi na mtoto wa marehemu aliyethibitika kuwa mwongo. Nimempelekea nakala ya barua.

31 Machi

Idi. Nimepiga mara tatu, hakupokea. Nimeandika Idi Mubarak. Tiki mbili za bluu.

3 Aprili

Leo nimejua kwamba baraza lile la Uskoti lilikuwa mara nyingi la watu kumi na watano. Majirani, watu wa pale pale. Hawakuulizwa sheria. Waliulizwa walichokuwa wanakijua: huyu mwanamke mlimhesabu mke wa huyu mwanamume?

Nimeandika kwenye karatasi namba moja hadi kumi na tano. Ni wazimu kidogo, lakini ni wazimu wenye kazi ya kufanya.

4 Aprili

Wa kwanza ni mama wa Chile wa ghorofa ya pili. Alisaini kabla sijamaliza kueleza, halafu akanigombeza dakika kumi kwa kutoonekana.

7 Aprili

Mwenye duka la nyama. Mfamasia. Mzee wa maktaba. Léonidas, Mrundi aliyekuwa akimnyoa baba. Nilimuuliza kama anamfahamu Faridah. "Si ni bibi yake? Kila mwezi anapiga simu, anasema usimkate sana nyuma, ataumwa na baridi. Kwani kuna bibi mwingine?" Nikasema hakuna mwingine. Akafuta wembe akasaini, akaniuliza mimi ni nani. Miaka yote hiyo baba alimwambia ana binti chuoni, lakini sura yangu hakuwahi kuiona.

Wengi nitakaowafuata wataniuliza hivyo. Nimeanza kuzoea.

12 Aprili

Wako kumi na wanne, akiwemo Mama Zara, aliyeandika kwa mkono wake kwamba kwake Faridah alikuwa na barua tu, hata mswaki hakuwa nao.

Wa kumi na tano nilimjua tangu mwanzo, ndiyo maana nilimkwepa. Mjomba Evodius. Mwaka ule wa kwanjula alikuwa likizo Bukoba, na kwa kuwa baba hakuwa na ndugu aliyebaki, Mjomba ndiye aliyevuka mpaka wa Uganda pale Mutukula akaenda Mpigi kuwa msemaji wake. Nimekwenda Märsta kwa treni, nikamkuta anaosha gari.

Alikataa. Alisema alimfanyia shemeji yake heshima ya siku moja, hakugawa nyumba ya dada yake. Alisema mama angeniona angelia. Hilo lilinichoma, na nilimjibu kwa sauti ambayo mpwa hapaswi kumjibu nayo mjomba. Nilimwambia mama alikufa nikiwa na miaka tisa na sijui angelia kwa lipi, lakini najua nilichokifanya mimi, na sahani ya herufi nikamsimulia. Hakuwa anaijua.

Alizima maji. Tulikaa kwenye ngazi, jua kidogo likitupiga usoni, ndege zikishuka moja baada ya nyingine.

"Walitukalisha nje kwa saa mbili nzima," alisema. "Shangazi yake akatutoza faini kwa kuchelewa, tukalipa kwa kuimba. Mimi naimba, Robinah, na unajua sauti yangu. Halafu nikasimama mbele ya wazee wa watu nikasema maneno niliyofundishwa njiani: tumekuja kuzaliwa katika nyumba hii. Wakatupokea. Wakasema mmezaliwa."

Akakamua kitambaa cha kuoshea gari.

"Kule niliomba wanizae," alisema, "huku nimkane binti yao? Lete kalamu."

15 Aprili

Ujumbe kutoka Faridah, wa kwanza tangu siku ile. "Njoo Jumamosi tuandike maelezo ya kesi. Uje na kompyuta." Hakuna salamu. Nimeusoma kwa furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.

19 Aprili

Tumeandika kwa saa nne. Hakunipa hata maji. Sikuyaomba.

30 Aprili

Mashine zimezoa kokoto barabarani. Leo watu wamewasha mioto ya kukaribisha majira ya kuchipua, na moshi umefika mpaka Jakobsberg. Sura ya tatu imepita. Nora kasema sasa wajane wanapumua. Kulala silali.

8 Mei

Naandika nikiwa bado na nguo za kesi.

Chumba kidogo, meza ndefu, mwenyekiti mwanamke wa makamo na wenzake wawili. Upande mmoja wakili wa kampuni, upande wa pili mimi na Faridah, kiti kitupu kati yetu. Alikuwa amevaa gomesi lake la kijani, gauni la heshima la Kiganda lenye mabega yaliyosimama, na juu yake koti la kazini, kwa sababu alikuwa akitoka zamu.

Wakili alikuwa na adabu, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema karatasi hazina upande. Alisema mimi napoteza chumba changu mwisho wa mwezi huu, na kwamba nilipoona njia ya mlango wa mbele imeshindikana, nimemtafuta mama huyu ili niingie kwa mlango wa nyuma. Lilikuwa wazo la akili. Kama ningekuwa mwenyekiti ningeliamini.

Mwenyekiti akanigeukia akauliza kama fomu ya Machi niliijaza mwenyewe.

"Ndiyo. Nilidanganya," nilisema. "Sikuwa naishi pale. Nilikuwa napita, tena kwa nadra. Aliyeishi na baba ni huyu hapa, na kama jina lake halimo kwenye rejista sababu ni mimi."

Nikaeleza kuhusu mlango. Nilisema miaka yangu, kisu cha siagi, sahani. Ni ajabu kusikia ukatili wako ukitafsiriwa kwa lugha ya baraza na kuandikwa na mtu anayechapa haraka. Sikumtazama Faridah. Nilitoa karatasi ya watu kumi na watano, na mwenyekiti akauliza kwa nini kumi na watano. Nilisema ni desturi ya zamani, akataka kujua ya wapi, nikasema Uskoti. Wakili alicheka kidogo. Mwenyekiti hakucheka, aliisoma mpaka mwisho.

Mjomba alikuja na suti ya harusi, akaeleza kwanjula nzima, pamoja na faini.

Mwisho Faridah aliulizwa aeleze maisha yao kwa maneno yake. Kiswidi chake ni cha polepole na kila neno analipima. Alisema hajui baba aliweka wapi hati zake, kwa sababu hakuwa mtu wa kupekua. Anajua kwamba ngazi alishuka kwa mguu wa kushoto kwanza. Anajua kwamba dawa ya moyo aliinywa baada ya uji, na akisahau uji alisahau na dawa. Anajua asubuhi ile ya Desemba alikuwa kazini Arlanda akampigia saa mbili, kama kila siku, na simu haikupokelewa, akavua glavu akaondoka bila kuaga mtu, kwa sababu miaka tisa simu hiyo haikuwahi kukosa kupokelewa.

Mimi nilipigiwa na hospitali saa sita mchana. Sijawahi kujiuliza ni nani aliyemkuta.

Nje ya jengo mvua ilikuwa inanyesha. Nilitaka kusema kitu. Faridah alifungua mwavuli akasema anawahi treni.

14 Mei

Bado.

20 Mei

Bado. Nimeanza kupakia vitabu. Nimevipakua tena nikitafuta kimoja.

27 Mei

Amepata. Barua ilifika kwetu wote wawili asubuhi. Baraza limeamini kwamba waliishi pamoja kwa kudumu kama mume na mke, na mkataba uhamie kwa Faridah. Nililia kwenye treni mbele za watu, na mzee mmoja akanipa kitambaa cha karatasi bila kuniangalia, Mswidi kamili.

Nilimpigia. Alisema alhamdulilahi mara nyingi, mpaka nikasikia hawezi kusema kingine.

3 Juni

Tasnifu nimeikabidhi. Nimelala siku tatu kwenye kochi la Mjomba.

Leo Faridah aliniita chakula cha mchana. Nilikwenda na begi langu kubwa. Sikuwa nimeomba kitu wala yeye hakuahidi kitu, lakini begi nililibeba, na nadhani ni wazi nilichokuwa nakiwaza. Chumba changu cha zamani kipo, kina kitanda.

Tulikula matoke na samaki. Alinionyesha mkataba, akapitisha kidole juu ya jina lake. Aliondoa sahani, akafuta meza, akakaa tena.

"Robinah, nipe ufunguo."

Nilidhani anataka wa kutolea nakala. Akasema hapana, ule wangu.

"Miaka tisa unaingia humu bila hodi," alisema. "Natoka kuoga nakuta umesimama sebuleni na viatu. Nasali, unapita mbele yangu ukitafuta chaja. Sikusema neno, ilikuwa nyumba ya baba yako, na mimi sikujua ni ya kwangu kwa kiasi gani. Sasa najua. Lete."

Nilihangaika na pete ya funguo mpaka kucha ikavunjika. Aliupokea, akasema asante, akaanza kuosha vyombo. Nilichukua begi langu nikatoka.

Niliumia, na naandika hivyo bila aibu. Nyumba nilikuwa nimeitoa kwa mkono wangu mwenyewe, nikadhani nimelipia na chumba ndani yake. Nilifika kituo cha Alby nikaacha treni mbili zipite. Nilijaribu kukumbuka hodi moja, hata ya mzaha, hata ya siku ya sikukuu. Sikuipata. Nikakumbuka ile siku ya kesi, wakili akisema naingia kwa mlango wa nyuma, na jinsi nilivyomchukia kwa kusema hivyo.

Nikarudi, nikapanda tena ngazi zote na begi. Nikasimama mbele ya mlango, nikagonga.

"Hodi."

Maji yakafungwa jikoni. Nyayo zikaja, zikasimama karibu kabisa.

"Nani?"

"Robinah."

"Robinah gani?"

Kulikuwa na tundu la kuchungulia, na giza lililokuwa ndani yake lilikuwa jicho lake. Mtoto wa Eriya lingekuwa jibu sahihi. Lingetosha hata kwa baraza.

"Wako," nikasema.

Nikamsikia akikausha mikono. Halafu kitasa kikageuka.

"Karibu," akasema. "Viatu uache hapo."